Maswali ya wasomaji: tairi la bei nafuu husomwa ubavuni

Mvua zikikaribia Dodoma, maswali ya matairi hutujia kwa wingi. Safari hii tumechukua ya magari madogo na ya abiria, maana wengi wenu mnanunua kwa bajeti ya kubana. Msimamo wetu tunautaja mapema ili usomapo majibu ujue tunasimama wapi: tairi jipya la bei ya chini, lenye saizi sahihi na uwezo sahihi wa kubeba, ni salama kuliko tairi la jina kubwa lililokwisha kuzeeka. Na karibu kila unachohitaji kujua kabla ya kutoa hela kimeandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe.

Habari za kazi. Nina Toyota IST, natoka Kongwa kwenda mjini karibu kila wiki. Madukani nimepewa mambo mawili: matairi mapya ya Kichina ambayo jina lake sijawahi kulisikia, au yaliyotumika kutoka Japani, jina kubwa, kwa karibu nusu ya bei. Fundi wangu anasema la Mjapani lililotumika linalishinda jipya la Mchina. Nichukue lipi?
*Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, chukua mapya, ila uyasome kwanza. Fundi wako anaangalia jina. Sisi tunaomba uangalie umri, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu. Joto, jua na hewa vinaukausha, unapoteza mvutano wake, na tabaka za waya zilizo chini ya kashata, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, zinaanza kuachana na mpira uliozishika. Tairi lililotumika likaletwa huku mara nyingi lilivuliwa kwenye gari kwa sababu ya umri, kashata zikiwa bado nene. Likipakwa dawa ya kung'arisha, machoni ni jipya.

Fanya hivi. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mstari wake mpaka mwisho. Utakuta kidirisha cha mviringo kama yai chenye tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huwekwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukiona DOT bila tarakimu nne za mwisho, mwambie muuzaji ageuze tairi usome upande wa pili. Ukikuta tarakimu tatu peke yake, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liache hapo hapo. Kwa tairi jipya, tunashauri lisizidi miaka miwili, au mitatu kama lilikuwa limehifadhiwa ndani, kivulini. Yale yanayopangwa nje ya duka kutwa nzima juani yamekwisha kuanza kuzeeka kabla hujayafunga.

Lililoko kwenye gari nalo lina mpaka wake. Watengenezaji wakubwa husema tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama kashata zipo. Kwa jua la kanda ya kati, sisi tunakushauri uanze kupanga bajeti ya kubadilisha likifika sita. Hesabu hiyo inaihusu pia spea tairi, ambayo watu wengi huisahau ndani ya buti miaka na miaka.

Kisha soma saizi. Tuseme imeandikwa 175/65R14 82S. Upana ni milimita 175. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R inaonyesha namna nyuzi zilivyopangwa ndani, aina inayotumika karibu kwenye magari yote madogo ya leo. 14 ni inchi za ringi. Watu wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosea, kwa sababu tarakimu na herufi za mwisho ndizo zenye uzito. 82 ni alama ya mzigo: kila tairi linabeba hadi kilo 475. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. T ni 190, H ni 210, Q ni 160. Alama ya mzigo inaweza kuwa kubwa kuliko ile iliyopangwa na mtengenezaji wa gari, lakini isiwe ndogo kamwe. Saizi sahihi ya gari lako iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Usinakili iliyoko kwenye gurudumu, kwa kuwa aliyelimiliki gari kabla yako huenda alibadilisha ringi.

Hatua ya tatu ni herufi E na namba ndani ya duara. Maana yake aina hiyo ya tairi imepimwa na kuidhinishwa kwa Kanuni namba 30 ya Umoja wa Mataifa kwa matairi ya magari madogo. Namba ni ya nchi iliyotoa idhini, si ya kiwanda kilipo: E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Kwa hiyo tairi la China lenye E4 si kioja hata kidogo. Katika kipimo hicho tairi huzungushwa juu ya ngoma ya chuma kwa saa nzima likiwa limebeba asilimia 80 ya mzigo wake, kasi ikipandishwa hatua kwa hatua hadi karibu na kikomo cha herufi yake, na likitolewa lisiwe limebanduka kashata, kuachana tabaka wala kukatika nyuzi. Jina usilolijua lililopita hapo limefikia kima cha chini kile kile walichofikia wenye majina makubwa. Hakikisha tu alama hiyo imefyatuliwa pamoja na mpira wenyewe. Ikiwa ni ya kubandika au imechomwa kwa moto baadaye, rudisha tairi.

Tofauti ya bei unaipoteza wapi, basi? Zaidi kwenye breki za barabara iliyolowa, na kwenye muda wa kuisha. Ukikuta ubavuni maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE, huo ni mpangilio wa Marekani. TRACTION hupima breki kwenye maji: AA ndiyo bora, halafu A, B, na C ya mwisho. TEMPERATURE ni uvumilivu wa joto, A hadi C. Kwa safari zako za lami ya mchana, usikubali chini ya A kwenye TRACTION, na kwenye TEMPERATURE tafuta A. Mengi ya bei nafuu yanazo hizo, ukiwa na subira ya kugeuza matairi dukani. Namba ya TREADWEAR usiitegemee sana, kwani kila kiwanda hujipangia chenyewe, na 400 ya huyu si lazima iwe sawa na 400 ya yule.

Gari langu limeingia nchini karibuni na bado lina matairi yaliyokuja nayo. Kashata zimejaa, laini, zimechanwachanwa kama biskuti. Lakini likipiga kona kwenye lami linayumba, na kashata zinaisha haraka ajabu. Kuna kitu kimeharibika chini?
*Mama mfanyabiashara, Area D*

Dada, kabla hujabadilisha bushi na shokapu, inama usome ubavu. Tunadhani utakuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na mwisho wa saizi herufi Q. Hayo ni matairi ya barafu. Japani kuna mikoa yenye theluji nyingi, na gari likiuzwa wakati wa baridi linakuja na matairi ya baridi.

Mpira wake umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzi sifuri, na kila jino la kashata limechanwa mikato mingi midogo ili lishike barafu. Likija kwenye lami ya Dodoma ambayo adhuhuri ya Oktoba unashindwa kuikanyaga peku, jino hilo refu na laini linalala upande kila unapokata kona au kufunga breki. Ndiyo huko kuyumba. Breki zinakuwa ndefu, kavu na kwenye maji pia, na msuguano wa meno hayo yanayochezacheza unazalisha joto linalokula mpira kwa kasi.

Kuna watu watakushauri uyamalize kwanza kwa kuwa ni mali. Tunaelewa uchungu wa kuvua tairi lenye kashata, lakini ushauri wetu ni uyavue. Kama hela haipo mwezi huu, tembea nayo mjini tu kwa mwendo mdogo, na safari ya Iringa au Singida iahirishwe. Ukibadilisha, badilisha yote manne. Kuchanganya mawili ya barafu na mawili ya kawaida kunaifanya nyuma na mbele zishike barabara kwa viwango tofauti, na gari linaweza kujigeuza kwenye kona.

Mimi ni dereva wa Dodoma na Dar. Tunapunguza upepo kabla ya safari ndefu mchana ili joto lisipasue tairi. Kijana mmoja wa gereji ananiambia tunakosea. Nani mkweli?
*Dereva, Kizota*

Kijana ni mkweli, na hili tungependa lisambae vijiweni kote, kwa sababu desturi hii inaua.

Ni kweli kwamba upepo hupanda tairi likipata joto. Chukua tairi ulilopima saa 12 asubuhi likiwa na PSI 32 (kipimo cha upepo kwenye geji) na joto la nyuzi 20. Ukiwa njiani likafika nyuzi 55, geji itasoma karibu 37. Mtengenezaji anajua hilo, na tairi limepigiwa hesabu ya kubeba ongezeko hilo bila shida. Kinachopasua tairi ni kitu kingine. Ubavu wa tairi lenye upepo mdogo unajikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa tairi la gari dogo linazunguka zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Kila mkunjo unazalisha joto ndani ya mpira. Mpira haupitishi joto haraka, kwa hiyo linajikusanya penye tabaka za waya, gundi ya tabaka inalegea, na kashata inabanduka kipande kizima. Dereva anasikia mlio wa kupigapiga, kisha kishindo. Abiria watasema "joto limepasua tairi", na watakuwa wamesema kweli nusu, maana joto hilo lilitoka ndani ya tairi, na aliyelisababisha ni yule aliyepunguza upepo.

Utaratibu sahihi ni huu. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au likiwa limesimama kivulini kwa muda wa saa tatu. Fuata kibandiko cha mlango, si namba ya juu iliyoko kwenye ubavu wa tairi. Ile ya ubavuni ni kikomo. Vibandiko vya Kijapani huandikwa kwa kPa: 220 ni PSI 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Ukiwa na abiria kamili na mizigo, fuata mstari wa mzigo kamili kama upo kwenye kibandiko. Njiani, ukisimama Gairo ukapima ukakuta 37, usitoe hata kidogo. Ukitoa 5 pale, kesho asubuhi tairi litaamka na 27 au pungufu.

Kwa kuwa unapanda na kushuka, kuna jambo dogo la kuongeza. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo tairi lililojazwa Dar likafika Dodoma likiwa na joto lile lile litasoma karibu PSI 2 zaidi. Ukishuka, linasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Pima upya upande uliolala, yaani Dar asubuhi kabla ya kugeuza. Nunua na geji yako ya mkononi; za kwenye pampu nyingi za barabarani zimedondoshwa mara nyingi mno kuaminiwa.

Nina Hiace ya abiria. Nimeuziwa matairi 205/70R15 96 kwa bei nzuri, yanaingia vizuri kwenye ringi. Kuna tatizo?
*Mmiliki, Kibaigwa*

Lipo, tena kubwa. Tairi kuingia kwenye ringi hakumaanishi linaliweza gari. 96 ni kilo 710 kwa tairi. Matairi ya Hiace huwa ya kundi la magari ya mizigo midogo, yenye herufi LT au C na alama mbili za mzigo, mfano 195/80R15 107/105. Alama ya kwanza, 107, ni kilo 975 tairi likiwa peke yake upande mmoja. Ya pili, 105, ni kilo 925 kila moja yakiwa mawili mawili kama kwenye lori. Gari lako lina moja moja, kwa hiyo unasoma ya kwanza. Toa 710 kwenye 975: kila tairi limepungukiwa kilo 265, na ekseli ya nyuma peke yake imepungukiwa kilo 530. Hayo ni zaidi ya magunia matano ya mahindi ya kilo mia mia ambayo matairi yako hayakutengenezwa kuyabeba, na bado hujaweka mizigo ya juu.

Zingatia pia kwamba zile kilo 975 zinapatikana tairi likiwa na upepo wa juu unaoendana nazo. Ukiliwekea LT upepo wa IST, umenunua uwezo ambao huutumii. Rudisha hayo matairi yakiwa bado safi. Ukishayatembeza, muuzaji hatayapokea.

Huku kwetu miiba ya migunga haituachi. Fundi wa pancha ananishauri niweke tyubu ndani ya matairi yasiyo ya tyubu, nisahau habari za pancha. Na mengine ameziba kwa kamba ya mpira. Inafaa?
*Msomaji, Bahi*

Tyubu usiweke. Sehemu ya ndani ya tairi lisilo la tyubu mara nyingi ina mistari na viungo vidogo ambavyo havikulainishwa kwa ajili ya tyubu. Tyubu inajisugua humo, inapata joto, hewa iliyonaswa katikati haina pa kutokea. Zaidi ya hapo, unapoteza faida kubwa ya tairi la aina hiyo: likichomwa na mwiba au msumari, mpira unaubana na upepo unatoka polepole, hata unapata muda wa kuegesha. Tyubu ikitoboka inaachia upepo wote kwa mara moja, na gari liko kasini.

Kamba ya mpira inayosukumwa kutoka nje ni ya kukufikisha gereji. Haifungi ndani, unyevu unapita kando yake hadi kwenye waya, waya zinashika kutu na nguvu zinapungua bila wewe kuona. Kuziba kwa kudumu ni kuvua tairi kwenye ringi, kulikagua ndani, kutoboa njia ya tundu ikawa safi, kukwangua mpira wa ndani, kupaka gundi na kungoja ikauke, kisha kuvuta kiraka chenye umbo la uyoga: shina linajaza tundu na kofia inafunika ndani. Fundi asipolivua tairi hajui kama liliendeshwa likiwa tupu. Akilivua, akakuta unga mweusi wa mpira ndani na mduara uliosagika ubavuni, tairi limekufa, halizibwi.

Tundu lisizidi milimita 6, na liwe katika robo tatu za katikati ya kashata. Likiwa begani au ubavuni, hakuna kiraka cha kuaminika, hata fundi awe hodari kiasi gani, kwa sababu hapo ndipo tairi linapojikunja kila mzunguko. Mwiba uliovunjikia ndani ya kashata bila kutoboa uchomoe kwa koleo siku hiyo hiyo, usiache safari imalize kazi.

Nina hela ya matairi mawili tu. Gari ni la kuvuta mbele. Mapya yafungwe mbele, si ndiyo?
*Msomaji, Mpwapwa*

Nyuma. Tunajua karibu kila fundi atakuambia mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kuna usukani, injini na sehemu kubwa ya breki. Lakini angalia kinachotokea kwenye maji. Mbele ikiteleza, gari linaendelea kwenda moja kwa moja. Unahisi usukani umekuwa mwepesi, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka, na dereva wa kawaida haliwezi tena. Hilo halibadiliki gari liwe la kuvuta mbele au nyuma. Kwa hiyo yenye kashata nyingi yakae nyuma, na yanayokwenda mbele yasiwe chini ya milimita 3 msimu wa mvua unapoanza. Mvua za kwanza baada ya kiangazi kirefu cha huku ndizo mbaya, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi mingi vinageuka utelezi juu ya lami.

Mawili hayo yawe ya aina moja na saizi moja kwenye ekseli moja. Baadaye, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, badilishana nafasi ili yaishe kwa pamoja na uweze kununua manne kwa wakati mmoja.

Gari langu lilikaguliwa Wiki ya Nenda kwa Usalama, nikapewa stika. Miezi michache baadaye askari akanisimamisha na kuniambia matairi ni kipara. Stika ina maana gani basi? Na mtu anajikaguaje mwenyewe? Niongeze: nimeona mafundi wanachonga kashata mpya kwenye tairi lililoisha. Inaruhusiwa?
*Mzee, Chamwino*

Shikamoo mzee wetu. Stika inasema hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hata gari lililopita ukaguzi wa kiwango cha TBS cha magari yaliyotumika, TZS 698, wakati wa kuingizwa nchini, halijapewa dhamana ya mwaka mzima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani siku yoyote, na tairi huweza kuisha upande mmoja kwa wiki chache tu kama alaimenti (ulalo wa magurudumu) imeharibika.

Kujikagua kunahitaji kama nusu saa, na kona ya kwanza ya kuangalia ni ile isiyoonekana. Geuza usukani mpaka mwisho upande mmoja, ili ubavu wa ndani na bega la ndani la tairi la mbele vitokeze. Halafu geuza upande wa pili. Wakaguzi hukuta tairi ambalo kwa nje lina kashata nzuri na kwa ndani waya zimechungulia. Ndani ya mifereji mikuu kuna vituta vidogo vya mpira, na begani kuna alama TWI au pembetatu ndogo inayokuelekeza vilipo. Vina kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo mahali popote, tairi limekwisha. Tairi jipya huanza na milimita 7 au 8, kwa hiyo rula ya mwanafunzi inatosha kukuonyesha uko wapi.

Namna kashata zinavyoisha inakuambia chanzo. Zikiisha katikati, upepo ulizidi. Mabega yote mawili, upepo ulipungua. Bega moja tu, alaimenti. Zikiisha kwa mabonde mabonde, shokapu zimechoka au balansi haipo. Kuweka tairi jipya bila kurekebisha chanzo ni kuchoma hela, maana litaisha vile vile. Kisha pitisha kiganja ubavuni. Uvimbe kama nusu ya limau ni nyuzi zilizokatika, kwa kawaida baada ya kugonga shimo au tuta kwa kasi. Tairi hilo halina matengenezo, livuliwe siku hiyo. Nyufa nyembamba za juu juu ni uzee, nyufa unazoweza kuingizia ukucha ni mwisho.

Mwisho wa ukaguzi huu, inua gurudumu kwa jeki, uweke na mawe ya kuzuia magurudumu mengine. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au boljointi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, angalia tai rodi. Lizungushe usikilize kama lina mkwaruzo. Vitu hivi havitengenezwi na tairi jipya, na mkaguzi makini atavipima kabla ya kukupa alama nzuri. Kwenye mashine ya roli ataangalia pia kama breki ya kulia na ya kushoto zinashika kwa nguvu inayokaribiana. Zikitofautiana sana, gari litavutwa upande mmoja kila ukifunga breki ghafla, na hapo utaanza kuyalaumu matairi bure.

Kuhusu kuchonga: tairi la gari dogo halichongwi. Matairi ya malori na mabasi yaliyoandikwa REGROOVABLE yana mpira wa ziada chini ya mifereji kwa ajili hiyo. La gari dogo halina, kwa hiyo kisu cha moto kinakata ule mpira mwembamba unaozifunika waya. Kulitambua si kazi ngumu. Vile vituta vya TWI vinakuwa vimekatwa au vimetoweka, chini ya mifereji pana mikwaruzo na mng'ao wa kisu, mikato midogo ya kwenye meno haipo, na upana wa mfereji unabadilika mahali na mahali kwa kuwa mkono wa mtu haunyooki kama kiwanda. Ukimulika tochi ndani ya mfereji ukaona uzi wa chuma, usilichukue hata kwa bure, na ukipenda mwambie muuzaji mbele ya wateja wengine.

Baada ya kufungiwa matairi mapya, gari linatetemeka usukani likifika 80. Fundi anasema litazoea. Pia wanasisitiza niweke naitrojeni.
*Msomaji, Nkuhungu*

Halitazoea. Mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani na kupungua ukizidi ni balansi: rudi wapime upya kwa mashine na waweke vibati vya uzito. Kama umebadilisha ringi, hakikisha tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu. Naitrojeni hupungua polepole kidogo kuliko hewa ya kawaida, lakini hewa hiyo ya kawaida tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Ukipewa bure, pokea. Ikiwa ya kulipia, hela hiyo nunulia geji.

Na nati tafadhali. Zikazwe kwa mpangilio wa nyota, si kwa kuzunguka, gari likiwa limegusa chini. Toyota nyingi ndogo zenye nati za spana ya 21 zinahitaji nguvu ya kukaza ya Nm 103, kiasi ambacho mtu mzima anakifikia kwa spana ya kawaida bila kuirukia kwa miguu. Mashine ya upepo ikizikaza kupita kiasi, inavuta stadi (boliti zinazoshika nati) na kupindisha diski ya breki, halafu siku ya pancha njiani Mtera hutazifungua. Tembea kilomita 50 hadi 100, simama, zikaze tena zote.